Kesi ya Ndafu

Harusi za Dar es Salaam siku hizi zinakuja na orodha ya picha. Zamani mteja alikuwa anakwambia, "Piga vizuri, watu wote waonekane," mnaelewana, unapokea advansi, unaondoka. Sasa bibi harusi anakutumia ujumbe unaoshuka kwenye simu mpaka kidole kinachoka: gauni likiwa limetundikwa, viatu vikiwa juu ya kiti, pete ndani ya ua, bwana harusi akifunga kifungo cha mkono wa shati huku akitazama nje dirishani, akiwaza. Huwa nawauliza wanawaza nini pale. Wengi wanawaza salio la ukumbi.

Harusi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya Mchaga wa Machame na Mpare wa Ugweno. Wenyewe wamezaliwa na kukulia hapa mjini, Kichaga cha mmoja na Kipare cha mwingine ni cha kumsalimia bibi, basi. Lakini koo zao hazikuzaliwa mjini. Na anayewajua Wachaga na Wapare anajua kwamba hao ni watani, tena si watani wa mdomoni. Mchaga atakwambia Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Mpare atakwambia Mchaga akianguka hainuki mpaka apapase kwanza, huenda pale chini kuna sarafu. Mimi ni mtu wa Kisarawe. Simo. Nilidhani kutokuwamo ndiyo kinga yangu.

Picha za siku ile bado ninazo zote. Mteja mpya akija kutaka kuona kazi zangu, namwonyesha zile za orodha: pete ndani ya ua, viatu juu ya kiti. Safi, zimetulia, zimelipiwa. Akishakunywa soda na tukazoeana kidogo, ndipo namfungulia zile nyingine.

Ya kwanza ni ya saluni. Orodha ilitaka gauni litundikwe "mahali penye mwanga laini na utulivu". Saluni yenyewe iko Sinza na siku yenyewe ni Jumamosi. Madraya yanaunguruma, mtoto wa mtu analia, kina dada wawili wanasukana huku wakimjadili wa tatu ambaye hakuwapo. Dirisha lenye mwanga lilikuwa moja tu, lina nondo, nikalitundika gauni hapo. Limependeza kweli, lesi inapitisha jua, mkia umeshuka mpaka sakafuni. Na ukutani, sentimita chache kutoka begani mwa gauni, mwenye saluni amebandika tangazo lake kwa herufi kubwa nyekundu: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA.

Bibi harusi alipoiona kwenye kioo cha kamera akasema, "Kaka, hayo maandishi utayafuta, si ndiyo?" Nikamwambia yatafutika. Kabla sijayafuta, mweka hazina wa kamati, ambaye alikuwa amekuja kulipa saluni, akachungulia begani kwangu, akaomba nimtumie ilivyo, hivihivi, na maandishi yake. Jioni ile nikasikia ameiweka kwenye kundi la kamati bila neno lolote, picha tupu. Walioahidi michango na kukaa kimya tangu kikao cha kwanza wakaanza kutuma mmoja mmoja. Kazi zangu zimewahi kuliza watu, zimewahi kuchekesha watu. Kukusanya madeni ilikuwa mara ya kwanza.

Kanisani mchungaji alituita mimi na mtu wa video kabla ya ibada, akatuonyesha ngazi ya kwanza ya kupandia madhabahuni. "Vijana, mwisho wenu hapa." Sina ugomvi na wachungaji. Mchungaji ana mpaka mmoja, ukiujua mnaishi vizuri. Taabu ya kanisani ni ndugu. Kila ndugu ana simu, na kila mwenye simu anaamini kwamba mpiga picha amekodiwa kwa bahati mbaya wakati yeye yupo.

Kwenye kufunua shela ndipo penye mtihani. Bwana harusi ananyanyua, uso unatokea, sekunde mbili zimekwisha, na hakuna kurudia. Kiufundi pia ni picha yenye hila, kwa sababu kamera inapopima mwanga huidhania dunia nzima kuwa ya kijivu. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, inalitia giza mpaka linaonekana halijafuliwa. Suti nyeusi ikijaa, inaongeza mwanga mpaka uso wa bibi harusi unaungua. Ndiyo maana nilikuwa nimeshapima mapema na kufunga kila kitu kwa mkono. Nimepiga goti kwenye njia ya katikati, nyuma kidogo ya benchi la kwanza, kidole kiko tayari.

Shela likaanza kupanda. Na tableti ikapanda nayo.

Shangazi wa bwana harusi, aliyekuja na basi kutoka Arusha, alikuwa ameketi benchi la kwanza. Akasimama, akatoka hatua moja kuingia njiani, akainyoosha tableti mbele yake kwa mikono miwili. Ni ile kubwa, yenye kava la maua linalofunguka pande zote. Uso wa bibi harusi ukapotea wote nyuma yake. Kwenye picha yangu bwana harusi ameshika shela kwa ncha za vidole, anatabasamu kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaona kwa mwanamume wa Kichaga ambaye hajaulizwa bei, na mahali alipotakiwa kuwa mkewe kuna kioo. Ndani ya kioo yumo shangazi. Kamera ilikuwa imegeukia upande wa mwenyewe. Kilemba cha kitenge, miwani imejaa machozi, mdomo unasema asante Yesu. Na nyuma ya bega lake, kwa udogo, yupo mtu amepiga goti na kamera usoni. Ndiye mimi.

Uso halisi wa bibi harusi tuliupata kwa mtu wa video, aliyekuwa upande wa kwaya. Tukaukata kutoka kwenye mkanda wake na orodha ikatimia. Lakini hii ya tableti siitoi hata kwa fedha. Ukiitazama haraka, kijana yule anamfunulia shela shangazi yake mzaliwa wa baba, mbele ya mchungaji na mashahidi wa pande zote mbili.

Shangazi mwenyewe alirekodi ibada yote. Jioni alikuja kuniomba nimhamishie video kwenye simu ya mwanawe, tukaifungua pamoja. Mahubiri yamo, viapo vimo, kwaya imo, yote kwa sauti. Kwa sura ni yeye, tangu wimbo wa kuingilia mpaka baraka za mwisho. Nilijiandaa kumpa pole. Akatazama, akatazama, kisha akanigeukia kwa masikitiko: "Baba, kilemba kilikuwa kimelala upande wakati wote huo, na ninyi wote mlikuwa mnaniona?"

Bustani niiruke, ilikuwa bustani. Watu walisimama, wakachuchumaa, wakarusha majani.

Saa 10 alasiri orodha ilitaka bahari. Hapa mwenye saa alikuwa mwenyekiti wa kamati, mjomba wa bwana harusi, mtu mzito na mwenye sauti ya kuendesha vikao. Nilikuwa nimemwambia wiki nzima kabla: Mzee, Jumamosi hiyo mwezi ni mpevu, kwa hiyo ni bamvua, na bamvua la pwani hii hujaza maji alasiri saa kama hizo. Pale Coco Beach hapatakuwa na mchanga wa kusimamisha watu. Twende asubuhi maji yakiwa yamekupwa, au tungoje jua la jioni tusimame juu ukingoni. Kama ni Daraja la Tanzanite mnalolitaka, lile lililofunguliwa mwaka 2022, kule juu nako linaonekana. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kijana, magari tumeyalipia hadi saa 12. Bahari itatusubiri."

Simlaumu sana. Huyu ni mtu wa mlimani. Kwao maji hupita kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, yana zamu, yana mzee wa kuyasimamia, na ukiyafungia yanatulia. Hajawahi kukutana na maji yenye ratiba yao wenyewe.

Tulikuta maharusi wengine wamebanana kwenye ukanda wa mchanga uliosalia. Magauni meupe kila upande, wapambe wa huku wameshika mkia wa gauni la kule, bibi harusi mmoja anakula mihogo ya kukaanga kwa kijiti ili asiharibu rangi ya mdomo, pilipili mkononi kwa msimamizi. Tukapata nafasi yetu. Nikawapanga wawili wetu wakitazamana, bahari nyuma yao, kama ilivyoandikwa. Mwenyekiti akasimama pembeni, nje ya fremu, akiwa na daftari la michango kwapani, akihesabu dakika.

Wimbi la kwanza lilifika kwenye viatu vyake. Akalitazama kwa kutoamini, akarudi nyuma hatua moja, ya heshima tu. La pili halikufika kwenye viatu, lilifika kiunoni, likamsukuma mpaka nyuma ya maharusi. Maharusi walikuwa wamenyanyuka kwenye jabali dogo, hawakuguswa. Ndiyo picha niipendayo: mbele, wapenzi wawili wamekaribiana pua kwa pua, macho wamefumba, dunia yao imetulia. Nyuma yao, kati ya paji la mmoja na paji la mwingine, mwenyekiti mwenye suti ya kijivu inayotiririka maji, amenyoosha kidole, anaigombeza Bahari ya Hindi.

Na daftari linaelea. Nawaambia ukweli, wapo wajumbe waliolitazama likienda bila haraka yoyote ya kulifuata. Mweka hazina ndiye aliyepiga kelele. Mwishowe kijana wa mihogo akajitosa, akalirudisha, akataka shilingi 10,000 ya kazi. Mwenyekiti, maji yakimchuruzika mikononi, akasema atatoa 3,000. Wakamalizana kwa 5,000 na mihogo miwili, mwenyekiti akiondoka nayo hiyo mihogo.

Sasa ukumbini, na hapa lazima mjue kitu kimoja kuhusu kazi hii. Mpiga picha wa harusi hali. Kamati itapanga chakula cha watu 300, itapanga cha madereva, itapanga cha wapiga matarumbeta waliokuja juu ya kirikuu. Mpiga picha ataambiwa "utakula baadaye, kaka," na baadaye yake ni sufuria la pilau lenye ukoko na vijana wa ukumbi wanaokunja viti. Tangu saluni nilikuwa na chai na chapati moja tumboni. Kijana wangu wa kubeba taa alikuwa na akili kuliko mimi, alikula mihogo.

Kwa Wachaga harusi bila ndafu ni kikao. Keki italetwa, itakatwa, watu watapiga makofi ya adabu, lakini macho yako mlango wa nyuma. Ndafu ni mbuzi mzima, aliyenoneshwa, akabanikwa kwa saa nyingi juu ya makaa mpaka ngozi inang'aa rangi ya shaba, halafu akasimamishwa wima kwa vyuma, miguu minne, kichwa juu, majani mdomoni, akitazama mbele. Huyu walikuwa wamemzungushia kabichi na nyanya chini, na shingoni wamemvisha majani ya isale. Wapishi wawili wenye kofia ndefu walikuwa wamemweka juu ya meza ya magurudumu, tayari kumwingiza kwa kucheza.

Kutoka mlango wa jikoni mpaka ulingo wa kuchezea kuna mteremko wa vigae. Si mkali. Mimi nilikuwa chini yake, nimelala ubavu kwenye zulia jekundu, na lenzi pana, maana nilitaka ndafu aonekane mkubwa, maharusi nyuma yangu, taa za rangi juu. Harufu ilinifikia kabla ya mbuzi. Sitaeleza tumbo lilijibu nini.

Muziki ukapanda, ndafu akatokea, wapishi wanatingisha mabega, Wachaga wamesimama juu ya viti. Mara kanga ikanyooshwa kukata njia. Wazee watatu wa upande wa bibi harusi na shangazi mmoja mwenye filimbi.

"Barabara imefungwa," akasema mzee mkubwa wao, kwa utulivu wa hakimu. "Huyu mnyama amepita mpaka wetu bila kibali. Faini shilingi 50,000."

Ukumbi ukalipuka. MC, mtu aliyeijua kazi yake, akampelekea kipaza sauti. Kutoka upande wa pili akaja mjomba, mwenyekiti yuleyule, sasa akiwa na suruali ya kuazima iliyoishia juu ya vifundo. Akaweka mkono mmoja kwenye meza ya ndafu kuonyesha mali ni ya nani. Akasema wao wana 5,000. Wapare wakasema kwa 5,000 watamrudishia mkia. Wakavutana kwenye kipaza sauti, huku mzee wa Kipare ameziba gurudumu la mbele kwa kiatu chake. Wakakubaliana 20,000.

Sasa angalieni kilichotokea, maana baadaye kilijadiliwa sana. Mjomba akaondoa mkono mezani ili atoe pochi. Mpishi wa kulia alikuwa ameshaacha meza tangu zamani, anacheza. Mpishi wa kushoto akainua mikono kushangilia makubaliano. Na mzee wa Kipare, alipoiona noti ya 10,000 ikichomoza, akasogea mbele kuitazama kwenye taa kama ni halali, na kiatu chake kikasogea naye. Kwa muda huo mfupi, hakuna binadamu duniani aliyekuwa amemshika yule mbuzi.

Meza ikaanza kushuka. Kanga ikaachia njia yenyewe. Shangazi akapuliza filimbi, wengine wakadhani ndiyo ishara ya kuanza na wakapiga vigelegele.

Lenzi pana ina tabia moja: kitu kinachokujia hukionyesha kiko mbali kuliko kilivyo. Kwenye kamera yangu ndafu alikuwa bado yuko nusu ya njia, amependeza, kichwa juu, isale inapepea shingoni, anakua taratibu ndani ya fremu. Nikaendelea kubonyeza. Ni picha nzuri sana zile, kwa kweli. Nikajiinua magotini nipate kichwa vizuri. Ya mwisho haina mbuzi mzima, ina pua na majani.

Gurudumu likagonga ukingo wa zulia, meza ikasimama. Ndafu hakusimama.

Niliiachia kamera ining'inie shingoni nikanyoosha mikono, jambo ambalo mtu yeyote angefanya. Nikamdaka kifuani, na vyuma vyake, na kabichi yake, tukaenda chini pamoja. Alikuwa bado wa moto. Mafuta yalipita kwenye shati mpaka moyoni. Muziki ukakatika. Ukumbi wote kimya, mimi chali, mbuzi juu, shavu lake kwenye shavu langu.

MC akasema, "Mabibi na mabwana, tumepata ndoa ya pili."

Kijana wangu wa taa, ambaye nimemkataza mara zote asiguse kamera yangu ya akiba, alikuwa ameishika. Akapiga mfululizo, mwanga sawasawa, ukali mpaka kwenye unywele. Katika ile moja maarufu nimemkumbatia ndafu shingoni kwa mikono miwili, macho nimefumba, na usoni kuna kitu ambacho mimi nakiita mshtuko. Wengine walikiita jina lingine, mtasikia. Katika inayofuata kijana amegeuza kamera kwenye meza kuu: bibi harusi amejikunja kwa kicheko, wanja unatiririka mpaka kidevuni, mkono mmoja umeng'ang'ania goti la mumewe. Bwana harusi amejifunika uso wote kwa kitambaa cha mezani. Nimekuwa nikiwapanga watu wacheke "kwa asili" miaka mingi. Hakuna niliyempanga akacheka hivyo.

Waliniinua. Nilidhani yamekwisha, naenda kunawa. Mzee mkubwa wa Kipare akanishika mkono kwa upole.

"Mwanangu, wewe ni mshtakiwa. Usiondoke."

Viti vitatu vikawekwa kando ya ulingo, palepale, DJ akiwa ameanza tena kwa sauti ya chini. Wapare wakafungua kesi. Hoja yenyewe, nikiitafakari leo, haikuwa ya kipuuzi. Wakati meza inaondoka, fedha ilikuwa imetoka kwenye pochi lakini haijahesabiwa. Wachaga wakasema basi faini imelipwa, mbuzi amerudi kwao. Wapare wakasema faini isiyohesabiwa haijalipwa, mbuzi alikuwa bado mikononi mwao kisheria. Wakabishana mpaka mzee mmoja wa Kichaga, kwa kuchoka, akasema labda pale njiani mbuzi hakuwa wa mtu. Wapare wakapiga kofi mezani kwa furaha. Kama hakuwa wa mtu, basi wa kwanza kumkamata ndiye mwenye naye, na wa kwanza ni huyu hapa. Kwa hiyo nadaiwa na pande zote mbili.

Mweka hazina akajitolea kunitetea. Akaeleza kuwa nilikuwa kazini. Mashtaka wakaita shahidi, dada wa kugawa vinywaji, aliyeapa kwamba aliniona nikimtazama ndafu kule jikoni tangu saa 2 usiku, na kwamba nilimeza mate. Wakaleta ushahidi wa pili, kamera yenyewe. Wazee wakaipitisha mkono kwa mkono, wakaikuza ile picha kwenye kioo kidogo, wakavaa miwani, wakavua.

"Huyu hajashtuka," akasema mzee mkubwa. "Huyu ameridhika."

Hapo mjomba mwenyekiti akafanya jambo la kiungwana. Akainama, akachomoa jani la isale kwenye shingo ya ndafu, akampa mzee wa Kipare kwa mikono miwili. Kwa Wachaga isale ni la kuombea msamaha. Ukiletewa, umefungwa mdomo, unasamehe. Ukumbi ukatulia. Mzee akalipokea, akaliweka kwenye mfuko wa koti juu ya moyo.

"Msamaha tumeupokea," akasema. "Kesi hatujaifuta."

Hukumu ikasomwa kwenye kipaza sauti. Mshtakiwa atoe kreti moja ya soda, na asafishe ile picha, nakala moja kwa kila mzee wa pande zote mbili, kwa gharama zake. Kamati nayo ikatozwa, kwa kosa la kumweka mtu na njaa karibu na nyama, na ikaamriwa inilishe kabla hajala mtu mwingine. Basi nikala, mbele ya meza kuu, mbele ya wazazi, nimesimama na shati la mafuta. Kwa ndafu kila kipande kina mwenyewe kwa cheo na ukoo; wazee walishauriana kwa kirefu kuhusu cheo changu, nikapewa kipande cha bega lililonigonga. Kilikuwa kitamu, sina la kuongeza.

Nilisafisha nakala zote, na nilizipeleka. Pesa ya soda waliikata kwenye salio langu bila kuniuliza, na hilo bado tunalizungumza.

Miezi kadhaa baadaye mama yake bwana harusi akanipigia simu. Albamu ilikuwa imeshapokelewa, pete ndani ya ua, viatu juu ya kiti, yote sawa. Alitaka ile ya ndafu, kubwa, ya kuweka sebuleni juu ya kabati. Nikafurahi, nikamwambia nitampa bei nzuri.

"Ila baba, nina ombi dogo. Unaweza kukutoa wewe, ukamwacha mbuzi?"

Nilikaa kwenye kompyuta usiku mzima nikijifuta. Kichwa kilitoka, shati likatoka, miguu ikatoka. Mkono wa kushoto ukagoma. Ulikuwa umemzunguka ndafu shingoni, na kila nikiutoa, shingo inaondoka nao. Nikampelekea mama hivyohivyo, ndafu amesimama peke yake mbele ya pazia zuri, mkono mmoja wenye saa umetokea pembeni umemkaba. Aliupenda. Wageni wakiuliza ule mkono ni wa nani, anawaambia ni wa Mpare aliyekuwa anajaribu kumwiba.

Upande wa bibi harusi wamesikia. Juzi mzee mkubwa amenipigia mwenyewe, ananiuliza kama ile saa bado ninayo, na kama Jumamosi nina nafasi ya kuja kutoa ushahidi.